Joto Halifi, Huhama

Bodi mbili za kompyuta zilikuwa juu ya mkeka, kila moja imelazwa kwenye boksi lake, na mpwa wangu amechutama mbele yake kama mtu anayechagua embe Marikiti: anainua hii, anaigeuza, anairudisha, anainua ile. Ilikuwa Februari, saa nane mchana, upepo wa kaskazi umechoka, na nyumba yetu hapa Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, ilikuwa kimya kwa sababu kila mwenye akili alikuwa amelala. Mwenye duka wa Barabara ya Moi alimpa bodi zote mbili kwa amana. Moja airudishe kabla ya Isha, ya pili ailipie.

"Mjomba, ungekuwa wewe ungechukua ipi?"

Nikamwambia ujuzi wangu wa kompyuta unakomea pale pa kuwashia na pa kuzimia. Akacheka, akazisogeza zote mbili mbele yangu. Usingizi ulikuwa umeshanikataa, basi nikakaa chini nifunzwe.

Yeye hutengeneza video za harusi, na kwetu Mombasa harusi haina siku moja. Kazi yake kubwa ni usiku wa kupamba, ambapo wanawake hujifungia ukumbini, mabuibui yakavuliwa, dhahabu zikatoka makabatini, na bibi harusi akaketi atazamwe. Mwanamume haingii, wala picha za usiku ule hazitoki. Mwenye harusi anayemwita mpwa wangu humkabidhi sitara ya ukumbi mzima. Ndiyo sababu hawezi kuzipeleka picha zile kwa kijana wa studio, wala kuzipandisha kwenye kompyuta za kukodi zilizo ng'ambo. Anazikata mwenyewe, nyumbani, kioo kimeupa mlango mgongo, na mimi nikipita na kikombe changu cha chai hukohoa mara mbili kwanza.

Akishazikata, huzipika. Neno ni lake. Kompyuta huchukua vipande vyote, rangi, nyimbo na maandishi, ikavichemsha pamoja hadi itoke video moja. Kompyuta yake ya zamani ilikuwa ikipika usiku kucha na asubuhi ikakukuta bado inahema. Alitaka mbio.

Mbio za dukani zina bei, lakini ziko mbio nyingine za ujanja. Kila prosesa, ubongo wa kompyuta, hutoka kiwandani na mwendo iliopangiwa. Mafundi wasiotulia huingia katika bayosi, yaani mipangilio ya ndani ya bodi, wakaiongezea mwendo na volti, ikakimbia kuliko ilivyoandikwa kwenye boksi. Hiyo wanaiita ovakloki. Ni ufundi uliokuzwa na watu wa mfuko mwepesi. Mwaka 1998 Intel ilitoa prosesa ya bei nafuu, Celeron 300A, ya megahezi 300. Haikuchukua muda, ikajulikana kwamba ukibadilisha mpangilio mmoja tu kwenye bodi, ule wa megahezi 66 ukawa 100, prosesa ile ya makabwela hufika 450 na kukimbizana na mashine za mabwana.

Wazee walisema dau la mnyonge haliendi joshi. Ovakloki ni mnyonge aliyekataa kuketi, akaukaza mkono kwenye usukani na kulipandisha dau upande wa upepo. Ila methali ile ina mkia wake: likienda joshi, ni Mungu kupenda. Na mabaharia wanajua kwamba dau likilazimishwa, tanga halitangulii kuvunjika. Hutangulia mlingoti, foromali, kamba, vile vitu ambavyo abiria havitazami. Kwenye kompyuta, vitu hivyo viko kwenye bodi, ubao mama ambao prosesa hukaa juu yake.

Prosesa alikuwa nayo tayari, Ryzen 7 5800X ya AMD, toleo la Novemba 2020, aliyoletewa na nduguye kutoka Sharjah ndani ya soksi. Ina viini vinane, na kile kipande chenye viini hivyo hakifiki hata sentimita moja ya mraba. Lakini prosesa nzima imeruhusiwa kula hadi wati 142, hata kabla hujaigusa. Chukua balbu mbili za zamani za wati 60, zile ambazo ukizishika zinakubabua, uongeze na ya tatu ndogo, kisha uzibane zote ndani ya ukucha wa kidole gumba. Sasa mtu anataka kuongeza.

Bodi ya kwanza ilikuwa ya kundi la X570, lililotoka mwaka 2019. Ya pili ilikuwa B550, ya mwaka uliofuata. Zote mbili zinaipokea prosesa ileile, na zote zinaruhusu ovakloki. X570 ndiyo bibi mkubwa: njia zake za kupitishia data ni za kasi mpya kila upande, hata zile zinazopita kwenye chipseti, yaani karani wa bodi anayegawa kazi za diski na milango ya nje. Kwenye B550 njia za kasi hiyo ni zile tu zitokazo kwenye prosesa yenyewe. Tatizo ni kwamba karani wa X570 akifanya kazi huchemka, wati 11 hivi, na watengenezaji karibu wote wakaona wamtie feni ndogo ya kumpepea. B550 haina feni hiyo. Karani wake amefunikwa kibati tu, basi.

Niliitazama feni ile. Ilikuwa ndogo kama kifuniko cha chupa ya asali. Niliisukuma kwa kidole ikazunguka nusu duara, ikasita. Mpwa wangu akaimulika kwa tochi ya simu. Katika mashina ya mapanga yake palikuwa pameganda uji wa kijivu, vumbi lililoshikana na mafuta, na pembeni utando mweupe kama ule unaobaki kwenye kamba za ngalawa zikikauka.

"Imetumika Dubai hii," akasema. "Bahari kama hapa."

Hapa kisiwani hakuna nyumba iliyo mbali na bahari. Bawaba za madirisha yetu hutoa kutu nyekundu kila mwaka, na nyaya za kengele zikiachwa wazi hugeuka kijani. Chumvi haihitaji maji kusafiri. Hupanda upepo, ikapita vichochoroni pamoja na moshi wa viazi karai na vumbi la leso, ikaingia kila penye tundu. Feni ndogo ya mizunguko maelfu kwa dakika huvuta yote hayo. Siku itakayokwama haitapiga kelele. Mtu atadhani kompyuta imekuwa nzito.

Kisha akanionyesha kile ambacho, kwa maoni yake, ndicho kiini cha jambo lenyewe. Kando ya kiti cha prosesa kuna safu ya vijidude vyeusi, transista na koili, ambazo hupokea umeme wa volti 12 na kuushusha hadi volti moja na kitu. Volti zikishuka, ampea hupanda. Wati 142 kwa volti 1.3 ni zaidi ya ampea 100. Pasi ya nguo ya wati 2,400 kwa stima yetu ya volti 240 hula ampea 10. Yaani katika ubao mwembamba kama gamba la samaki hupita mkondo wa pasi 10, na hata vijidude vile vikipoteza sehemu moja tu kati ya 10 ya umeme vinaoushusha, wati 14 hubaki palepale zikivichoma. Kapasita zilizo jirani ndizo hulipa. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 zikipungua, umri wa kapasita huwa maradufu, na nyuzi 10 zikiongezeka umri hukatika nusu.

Kwenye X570 ile, vijidude hivi vilikuwa vimefunikwa bamba jembamba lenye nembo ya kung'aa na taa za rangi. Kwenye B550 kulikuwa na vipande viwili vizito vya alumini, vimechanjwa mapezi kama ya changu, vimeunganishwa kwa bomba la shaba. Havikuwa na urembo. Nilizipima bodi mikononi, kushoto na kulia, kama mwanamke anavyopima samaki kabla ya kuuliza bei, na ile ya rahisi ikawa nzito zaidi.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba tulikuwa hatuzungumzii mbio. Mbio ni swali la prosesa. Swali la bodi ni joto litokee wapi.

Hesabu yake si ngumu. Joto la prosesa hufuata mwendo, mara volti, mara volti tena. Ongeza mwendo sehemu moja kwa 10, na ili isiyumbe uiongezee na volti kiasi hichohicho, joto litapanda theluthi nzima. Umepata kumi, umelipa thelathini na tatu. Tena chombo cha kupozea hakijui kushusha prosesa chini ya hewa ya chumba. Kinajua tu kuizuia isipande mno juu yake. Kikiweza kuiweka nyuzi 55 juu ya hewa, basi katika chumba cha nyuzi 20 prosesa itakaa 75, na fundi atatabasamu. Chumba chetu kilikuwa nyuzi 32. Ukijumlisha unapata 87, na prosesa ile ikifika 90 hujipunguza mwendo yenyewe isije ikaungua. Nyuzi tatu tu ndizo zilizobaki kati ya mbio na kuchechemea, nazo ni za kaskazi, si za mtu.

Nilimuuliza kwa nini wa Nairobi wasituzidi milele, wao na baridi yao. Akaniambia wanatuzidi, ila si kwa kiasi unachodhani. Nairobi iko mita 1,800 hivi juu ya bahari, hewa yake nyepesi, na feni ileile hubeba hewa pungufu kwa mzunguko mmoja. Sisi hewa yetu ni nzito, imeshiba. Tatizo ni kwamba inakuja ikiwa na moto wake tayari.

Wako wanaokwepa hesabu hii kwa kumwaga naitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri, juu ya prosesa, na kwa njia hiyo wamevuka gigahezi 8 kwa dakika chache za kupigia picha. Ukijaribu hapa, umande utakushinda kabla ya baridi. Hewa ya Februari kisiwani imebeba maji mengi hata chochote kilicho chini ya nyuzi 24 au 25 hutoa jasho. Tazama chupa ya soda ikitolewa frijini. Sasa fikiria jasho lile juu ya njia za umeme nyembamba kama unywele.

Na vile vipoza vya maji vinavyouzwa madukani? Hivyo havileti baridi. Hufanya kazi ya matatu ya jioni. Kisiwa kinachemka katikati, watu wanapandishwa, wanashushwa Mama Ngina kando ya bahari, wanapunga upepo na mihogo yao ya kukaanga, wanarudi wamepoa. Maji hutoka penye moto yakaenda kwenye mapezi yaliyo pembeni, yakapungiwa, yakarudi. Joto halikufa njiani. Lilishushwa tu kituo kingine.

Nililitamka hilo kwa mzaha, kisha likanikaa. Nikainua macho nikaitazama nyumba.

Kuta zetu ni za matumbawe na chokaa, unene wa dhiraa na zaidi. Vyumba ni vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko haivuki mbali. Dari iko juu ili hewa ya moto ipate pa kwenda na watu wabaki chini yake. Kichochoro nje ni cha mabega mawili, ukuta wa jirani unaupa wetu kivuli asubuhi, jioni wetu unamlipa. Watoto wa siku hizi huona ufinyu, lakini waliojenga walikuwa wakigawana kivuli. Ila nyumba hii, kwa hekima yake yote, haimalizi joto. Huliahirisha. Mchana kutwa ukuta hulinyonya polepole, na baada ya Isha huanza kulirudisha, ndiyo maana wazee walipanda kulala juu penye makuti hadi upepo wa alfajiri ushuke.

Basi bodi mbili zile zilikuwa shule mbili. X570 hulifukuza joto kwa feni, na feni ikifa hakuna kilichobaki. B550 huliahirisha kwa uzito wa alumini, hulieneza, likatoka taratibu bila kitu chochote kuzunguka. Nilijua shule ipi imejenga Mji wa Kale.

Lakini wote wawili tulikuwa bado tunahesabu ndani ya kasha la kompyuta. Aliyetutoa nje alikuwa mama yangu. Chumba cha kupikia video kinapakana na chake, mlango kati yao ni pazia. Aliamka, akasimama pale akijipepea kwa ncha ya leso, akauliza kama hicho kinachonunuliwa ndicho kitakachokaa badala ya kile cha zamani.

"Ndiyo, bibi. Hiki ni cha nguvu zaidi."

"Cha zamani tu nikilala nahisi kama nimekaa karibu na tanuri ya mkate. Hicho cha nguvu, hizo nguvu utazitupa wapi?"

Hatukuwa na jibu. Wati 142 zinazoingia kwenye prosesa zote hutoka zikiwa joto, hakuna hata moja inayobaki kwenye video ya bibi harusi. Feni nzuri, mapezi mazuri, maji ya kuzunguka, vyote hivyo vikifaulu maana yake ni kwamba joto limefika upesi zaidi kwenye chumba cha mama. Prosesa iliyopoa na ajuza aliyeloa jasho ni hesabu moja.

Nendeni vichochoroni mwetu mchana mtaiona hesabu hiyo imetundikwa ukutani. Kiyoyozi kina uso ndani na kisogo nje. Mwenye chumba amejifunika shuka, na chini yake wazee wa barza, waliokuja na kahawa yao kutafuta upepo, wanapuliziwa moto kichwani na kudondoshewa maji mabegani. Kadiri vyumba vinavyopoa, ndivyo kichochoro kinavyochemka, na kadiri kichochoro kinavyochemka, ndivyo jirani wa tatu anavyoona hana budi naye kununua chake. Tuliokuwa tukigawana kivuli sasa tunagawana joto, kila mmoja akimsukumia mwenzake.

Dunia imepata njia ya kulisukuma mbali zaidi. Mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa. Ya TEAMS inatoka Fujairah, pande zile zile ambako majahazi yalikuwa yakitoka, yakishushwa huku na kaskazi. Kupitia nyaya kama hizo kazi yoyote ya kompyuta yaweza kupelekwa kufanyiwa penye baridi. Kule Luleå, kaskazini mwa Sweden, Facebook ilijenga ghala la kompyuta linalopozwa kwa hewa ya nje. Kule Odense, Denmark, joto la ghala jingine la kampuni hiyo huingizwa kwenye mabomba ya mji likapasha nyumba za watu. Nilipomsimulia mama hayo alishangaa kwamba kuna mji ambao moto wa kompyuta unapokewa kwa shukrani. Hapa nani atautaka, hata ukipewa bure?

Ila usiku wa kupamba haupelekwi Luleå. Nilimtazama mpwa wangu, nikaona ameshalijua hilo kabla yangu. Ukiitaka siri ibaki nyumbani, joto lake nalo litabaki nyumbani. Hakuna sitara isiyotoa jasho.

Alirudisha X570. Alipolipa, tofauti ya bei aliinunulia kipozea kikubwa cha prosesa, chenye feni pana inayozunguka polepole, pamoja na wavu wa kuzuia vumbi ambao huoga kila Ijumaa. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia kwa mtu aliyetaka mbio. Aliingia kwenye bayosi akaipunguzia prosesa volti badala ya kuiongezea. Kuna prosesa, alinieleza, ambazo kiwanda huzipa volti za ziada kwa tahadhari tu, isiwe iliyo dhaifu ikaanguka. Ukiijaribu yako hatua kwa hatua, ukaikuta si dhaifu, unaweza kuivua zile za ziada. Ondoa sehemu tano kwa 100 za volti, na karibu sehemu 10 za joto huondoka nazo. Prosesa ikipata nafasi hiyo hujipandisha mwendo yenyewe. Alikesha siku mbili, akipunguza kidogo, akipika kipande cha majaribio, mashine ikizima anarudisha hatua moja. Kama nahodha anayetafuta pembe ya upepo, akilegeza demani kidogo, akisikiliza mbao.

Kasha alilihamishia upande wa dirisha la kichochoroni, kisha akakumbuka kwamba chini yake kuna barza. Akalihamisha tena, akaliweka penye ngazi ya kwendea juu, mahali hewa ya moto hupanda yenyewe ikatokea kwenye makuti bila kupita kichwani kwa mtu. Na hapiki mchana. Huanza baada ya Isha, kuta zikiwa bado zinatoa deni lao, akaacha kazi nzito kwa saa za mwisho, pale umande unaposhuka kutoka bara na nyuzi 32 zimekuwa 25. Kabla ya Alfajiri video imeiva. Mwendo wake wa juu ni mdogo kuliko ule aliokuwa akiuota Februari, lakini hajawahi kuona prosesa ikijipunguza.

Julai iliyofuata, kusi likivuma na mvua ikipiga makuti, niliamka usiku nikamkuta amesimama penye ngazi na simu mkononi. Namba za joto zilikuwa zimepanda nyuzi sita bila sababu. Alikagua feni zikawa nzima, wavu ukawa safi. Kisha akainua tochi. Juu ya kasha, kwenye matundu yanakotokea moto, alikuwa amejikunja paka mmoja wa mtaani, amelowa upande mmoja na amekauka upande wa pili, macho amefumba.

"Nimfukuze, mjomba?"

Namba zilisema 74. Nikamwambia amwache mpaka video iishe.